Maneno Magumu na Maneno Mepesi: Juu ya Somo la Hadisi Fupi katika Shule za Marekani

Katika shule za Marekani kijana hufikia mwisho wa sekondari mwaka wa 12 wa masomo, akiwa na umri wa miaka 17 ao 18. Mwaka ule, katika somo la Kiingereza, waalimu wengi humpa kazi mbili zinazokwenda pamoja. Kazi ya kwanza ni kusoma hadisi fupi: za Edgar Allan Poe, za James Joyce, za Shirley Jackson, za Flannery O'Connor, hata za Mfaransa Maupassant zilizogeuzwa katika Kiingereza. Kazi ya pili ni orodha ya maneno. Mwalimu huchagua maneno magumu, mwanafunzi huyaandika katika daftari pamoja na maana yake, hutunga sentensi moja kwa kila neno, na mwisho wa juma hufanya mtihani mdogo.

Desturi hii twaijua hata sisi. Nani kati yetu hakupita njia hiyo katika Kilatini ao katika Kifaransa? Basi hatutaki kuicheka. Twataka kuipima tu, maana twaona kwamba orodha ile mara nyingi yapita kando ya hadisi. Yenyewe yatafuta maneno magumu, na hadisi nzuri mara nyingi imesimama juu ya maneno mepesi, yale ambayo kila mtu adhani kwamba ameyajua tangu utoto.

Pengine msomaji atauliza: mambo ya shule za Marekani yatuhusu nini sisi watu wa Kongo? Yatuhusu sana. Katika mwaka wa 2016 peke yake Marekani ilipokea zaidi ya wakimbizi 16,000 wa inchi yetu, kuliko wa inchi nyingine yo yote mwaka ule. Wengi walitoka katika kambi za inchi jirani, kama ile ya Nyarugusu kule Tanzania, iliyofunguliwa mwaka wa 1996. Kati yao wamo vijana waliosema Kiswahili nyumbani na kusoma Kifaransa shuleni, na leo wakaa kwenye benchi moja na vijana wa Marekani, mbele ya Poe na mbele ya orodha. Watoto hao ni wa Uvira, wa Fizi, wa Masisi. Wamebatizwa katika misioni zetu. Namna wanavyofundishwa kusoma si habari ya mbali.

Kwanza tuseme orodha hii yatoka wapi. Kitabu kimoja kinachojulikana sana katika kazi hiyo chaitwa Vocabulary Workshop, cha Jerome Shostak. Kitabu cha mwaka wa 12 chagawanyika katika mafungu 15, na kila fungu lina maneno 20. Jumla ni maneno 300 kwa mwaka. Makatekista watapenda kujua kwamba nyumba inayokichapa, Sadlier ya New York, ni nyumba ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka wa 1832, na kwa miaka mingi imechapa vilevile vitabu vya katekismu. Hatusemi kwamba kitabu kimoja kilimzaa kingine. Lakini mtu aliyefundisha watoto ulizo na jibu, ulizo na jibu, akifungua kitabu cha Shostak atajisikia kama yuko nyumbani.

Sababu ya pili ni mtihani. Vijana wa Marekani wanaotaka kuingia chuo kikuu wamefanya kwa miaka mingi mtihani uitwao SAT, ulioanza mwaka wa 1926. Zamani mtihani huo uliuliza maneno matupu: neno hili na kinyume chake, neno hili lahusiana na lile namna gani. Maulizo ya kinyume yaliondolewa mwaka wa 1994, yale ya mahusiano mwaka wa 2005, na mwaka wa 2016 yakaondolewa yale ya kujaza neno adimu katika sentensi. Baada ya hapo mwanafunzi aliulizwa maana ya neno pale lilipo, ndani ya maandiko aliyoyasoma. Wakubwa wa mtihani wenyewe wameacha orodha, na orodha bado yaishi katika madarasa mengi. Desturi ya shule haifi upesi.

Tuje sasa kwenye hadisi zenyewe, maana ndizo zitakazotuonyesha kama maneno haya ni ya kweli.

Tuanze na Poe. Mwaka wa 1842, alipokuwa akihukumu kitabu cha Hawthorne, alieleza kwamba hadisi fupi hupaswa kusomwa katika kikao kimoja, na kwamba kila neno lake lisaidie kuleta tokeo moja lililokusudiwa tangu mwanzo. Mwaka wa 1846 alitoa hadisi ya Montresor na Fortunato. Montresor anamchukia Fortunato. Siku ya karnavali anamdanganya kwa habari ya pipa la divai, anamwongoza chini ya ardhi mpaka mahali pa mifupa ya wafu, anamfunga kwa mnyororo, kisha anajenga ukuta mbele yake na kumwacha humo, akiwa hai. Orodha za shule hupenda kutoa katika hadisi hii neno lenye maana ya kutenda uovu pasipo kuadhibiwa, kwa kuwa liko katika sentensi za mwanzo na ni gumu. Vema. Lakini katikati ya safari ile ya chini kuna neno jingine, ambalo haliogopeshi mtu. Fortunato anamwuliza mwenzake kama ni mmoja wa wale ndugu, yaani wa chama cha Framasoni. Yule anajibu ndiyo, na kwa kumhakikishia anatoa mwiko wa kujengea chini ya joho lake. Kiingereza chatumia neno moja kwa Framasoni na kwa fundi wa matofali, nacho Kifaransa kadhalika. Fortunato anasikia maana moja na kucheka, na Montresor amekwisha kumwambia namna atakavyomwua. Katika Kiswahili chetu maneno ni mawili, mwashi na Framasoni, na fumbo lote laanguka chini. Mwanafunzi asiyeonyeshwa neno lile jepesi ataona mwiko ule kama kitu cha bure. Tuongeze tu kwamba mwuaji huyo anamaliza hadisi yake kwa maneno ya Kilatini ambayo padri huyasema juu ya wafu ili wapumzike kwa amani. Mwanafunzi wa Marekani huyatafuta katika kamusi. Mseminari hana haja ya kamusi, naye atatetemeka zaidi.

Mtu atatupinga: ziko hadisi ambazo neno gumu ndilo lenye kazi kubwa. Ni kweli. Tena iko moja inayofaa sana kusomwa na watu wa seminari, maana yasema juu ya padri na ya mtoto anayejifunza maneno. Ni hadisi ya kwanza katika kitabu cha Joyce, Dubliners, kilichotoka mwaka wa 1914. Hadisi yenyewe ilikwisha kutoka kwa sura nyingine katika gazeti la Dublin mwaka wa 1904. Padri Flynn, mzee, amepatwa na kiharusi mara ya tatu, naye anakufa. Mtoto aliyekuwa rafiki yake, aliyefundishwa naye kutamka Kilatini vizuri na kupambanua dhambi ya mauti na dhambi nyepesi, anatazama dirisha la nyumba yake usiku na kujisemea neno moja la ugonjwa ule wa kupooza. Neno hilo, asema, lilikuwa na sauti ngeni masikioni mwake, kama maneno mengine mawili: moja la hesabu za Euklide, moja la katekismu.

Lile la katekismu ni usimoni, yaani kununua na kuuza vitu vitakatifu, dhambi ya Simoni mchawi katika Matendo ya Mitume. Lile la Euklide ni gnomoni. Ukichukua umbo la pande nne, ukakata katika pembe yake moja umbo dogo linalofanana nalo, kile kinachobaki chaitwa gnomoni. Haya basi, orodha imekwisha. Mwanafunzi aweza kupata alama zote 10. Je, ameisoma hadisi? Bado hata kidogo. Hakuna pahali po pote hadisi inaposema kwamba padri Flynn aliuza kitu kitakatifu. Dada zake wanasimulia kwamba alivunja kalisi, nayo haikuwa na kitu ndani, kwamba tangu siku ile akili yake ilianza kugeuka, kwamba usiku mmoja walimkuta peke yake katika kiti cha maungamo, akicheka polepole. Wakubwa mbele ya mtoto wanaanza sentensi na hawazimalizi. Kila mara kipande kimoja kimekatwa na kuondolewa. Hadisi yenyewe ni gnomoni! Mtoto alisikia neno la dhambi kabla ya kujua nani alitenda nini, na katika ndoto yake uso wa padri unakuja kuungama kwake, yeye mtoto. Kamusi imetufungulia mlango, na kumbe nyumba ni kubwa. Mwalimu anayefunga daftari baada ya maana tatu amewaacha vijana wake mlangoni.

Kwa hiyo hatusemi kwamba neno gumu lisifundishwe. Twasema kwamba neno, gumu ao jepesi, hupata uzito wake katika hadisi, na hadisi ndiyo yenye haki ya kuchagua maneno ya kufundishwa. Na hapa tumefika kwa Flannery O'Connor, ambaye juu yake twataka kukaa zaidi.

Alizaliwa Savannah, katika jimbo la Georgia, tarehe 25 Machi 1925, Mkatoliki katikati ya Waprotestanti wengi wa kusini ya Marekani. Alikufa tarehe 3 Agosti 1964 kwa ugonjwa wa lupus, akiwa na miaka 39. Mwaka wa 1963 aliandika makala juu ya vitabu vinavyosomwa shuleni, na huko alisema wazi kwamba haifai kumwuliza mwanafunzi kitu gani kinampendeza, kwa kuwa anakuja shuleni ili apendezo lake lijengwe. Pahali pengine alifundisha kwamba maana ya hadisi haitengwi na hadisi yenyewe. Anayetaka kujua maana, asome hadisi nzima. Hadisi yake inayosomwa zaidi katika madarasa ni ile ya mwaka wa 1953, A Good Man Is Hard to Find, yaani kwamba mtu mwema ni vigumu kumpata.

Bibi mzee mmoja anasafiri kwa motokari pamoja na mwana wake Bailey, mkwe wake na wajukuu, kutoka Georgia kwenda Florida. Hakutaka Florida; alitaka Tennessee. Amesoma katika gazeti kwamba mwuaji ametoroka gerezani, naye anajiita The Misfit. Bibi amejipamba sana kwa safari, kusudi, ajali ikitokea na mtu akimwona maiti barabarani, ajue mara moja kwamba alikuwa mama wa heshima. Njiani anawapoteza kwa kutafuta nyumba ya zamani ambayo, kumbe, haiko katika jimbo lile. Motokari inapinduka. Mwuaji anakuja na wenzake wawili. Wanawapeleka wote porini, mmoja mmoja ao wawili wawili, na bibi anabaki wa mwisho akizungumza naye.

Tulipotazama maneno ambayo mwalimu angeweza kutoa hapa katika orodha yake, tuliona yako machache tu. O'Connor aliandika kwa lugha ya watu wa shamba wa Georgia. Pengine mwalimu atachukua jina lile la mwuaji na kusema: maana yake mtu asiyepatana na wenzake. Ni sawa kwa kamusi. Lakini mwuaji mwenyewe anatoa maana nyingine: amejiita hivi kwa sababu akipima mabaya yote aliyotenda na adhabu zote alizopewa, haoni kwamba vyalingana. Jina lake basi ni neno la mizani, neno la hukumu. Yeye ni mtu aliyehesabu deni lake na kuona hesabu haikai sawa, na anajua tena kwamba Yesu ndiye aliyeigeuza hesabu yote ya dunia, ila hakuwako kwa kuona kwa macho yake kama ni kweli. Kuna wanateolojia wanaosema juu ya jambo hili kwa maneno mengi zaidi, na kwa nguvu kidogo zaidi.

Walakini neno kubwa la hadisi ni lile la jina lake, good, neno la kwanza ambalo mgeni hujifunza katika Kiingereza. Hakuna mwalimu atakayeliandika ubaoni. Tulifuate. Mwenye mgahawa wa njiani anasimulia kwamba aliwakopesha watu wawili petroli, nao wakamdanganya. Anajiuliza kwa nini alifanya hivyo. Bibi anamjibu mara moja: kwa sababu wewe ni mtu good. Hapo neno lataka kusema tu: mpole, mwenye kuaminiwa, mtu wa zamani kama sisi. Baadaye, mbele ya bastola, bibi anamwambia mwuaji kwamba anajua yeye pia ni mtu good. Haonekani kuwa na damu ya watu wa ovyo. Hapo neno limekuwa la ukoo, la jamaa inayoheshimiwa, tena ni neno la mtu anayenunua uzima wake kwa sifa. Mwishoni akili ya bibi inatulia kidogo. Anaona uso wa yule mtu ukikunjamana kama wa mtu anayetaka kulia, naye ananyosha mkono, anamgusa bega na kumwita mmoja wa watoto wake. Mwuaji anaruka nyuma kama ameumwa na nyoka, anampiga risasi tatu kifuani. Kisha yeye mwenyewe anatoa hukumu: mwanamke huyu angalikuwa good, kama angalikuwako mtu wa kumpiga risasi kila dakika ya maisha yake. Sasa neno limekuwa lenyewe. Limetoka katika kinywa cha mwuaji, na linatisha, kwa kuwa ni kweli.

Neno moja, mara tatu, maana tatu, na njia yote ya bibi yule kutoka kwenye ulimbwende mpaka kwenye neema iko ndani ya njia ya neno hilo. Hadisi ingeanguka kama ungeliondoa. Na orodha ya shule hailioni.

Hailioni tena kwa kanuni. Mwaka wa 2002 Isabel Beck na wenzake wawili, Margaret McKeown na Linda Kucan, walitoa kitabu kilichofuatwa sana na waalimu wa Marekani. Wanagawanya maneno katika ngazi tatu: ya kwanza ni maneno ya kila siku, ya pili ni maneno ya watu waliosoma yanayopatikana katika vitabu vya kila namna, ya tatu ni maneno ya ufundi fulani. Wanashauri mwalimu atie nguvu zake katika ngazi ya pili, maana ya kwanza hujifunzwa katika mazungumzo. Shauri hili ni la busara, hasa kwa watoto wadogo, na sisi twakubali kwamba limesaidia wengi. Tena tuseme wazi neno la kutetea orodha: mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya vitabu hupata maneno ya ngazi ya pili mezani pa baba yake, bila kujua. Mtoto wa mkimbizi hana meza hiyo. Baba yake aondoka usiku kwenda kazini, mama yake ajifunza lugha mpya kwa shida. Ukimnyima orodha kwa kupenda uzuri wa fasihi, umemwacha nje ya mlango ambao wenzake wamefunguliwa na wazazi. Wanaosema orodha zote zichomwe, mara nyingi ni watu ambao hawakuzihitaji.

Lakini ngazi ya kwanza si nyepesi kama inavyodhaniwa. Neno good liko katika ngazi hiyo, na O'Connor amejenga hadisi nzima juu yake. Mtu ajuaye maneno 300 ya Shostak, na asiyesikia kwamba neno moja limebadilika mara tatu katika hadisi moja, huyo bado hajajifunza kusikiliza. Na kwa wasomaji wetu ambao kazi yao ni kusikia watu wakisema dhambi zao kwa maneno mepesi kabisa, jambo hilo si la shule tu.

Hapa twaona kwamba kijana wetu, aliyewekwa nyuma ya darasa kwa sababu Kiingereza chake ni cha juzi, ana chombo ambacho mwenzake wa Marekani hana. Kwa Mmarekani good ni good. Lapita kama maji. Mtoto wa Fizi akitaka kuieleza hadisi kwa mama yake jioni, atasimama. Mwenye mgahawa atamwita nani? Mtu muzuri, basi, kama tunavyosema kwetu juu ya mtu asiyetusumbua. Na mwuaji, bibi anapomsifu? Muzuri halitoshi, atatafuta, kisha atasema mtu wa jamaa njema. Na bibi mwenyewe, kwa hukumu ya yule aliyemwua? Hapo hawezi kusema muzuri, maana kwetu muzuri ni pia mrembo, na bibi alikwisha kujipamba tangu asubuhi. Atapaswa kusema mwema, neno tunalolitumia kanisani juu ya Mungu na watakatifu wake. Kwa kuchagua mara tatu ameifahamu hadisi vizuri kuliko maelezo mengi tuliyoyasoma.

Mwalimu akitaka, aanze somo na kazi hiyo. Vijana wasome hadisi nzima kwanza, pasipo kalamu, kwa kikao kimoja kama Poe alivyotaka. Kiisha waulizwe: neno gani lilirudi? Lilisemwa na nani, kwa nani, na huyo aliogopa nini? Wale wenye lugha nyingine nyumbani wageuze sentensi zile tatu katika Kiswahili, katika Kihispania, katika lugha yo yote, na waeleze mbele ya wenzao kwa nini neno moja limekuwa matatu. Maneno magumu yaje siku ya pili, yakiwa yametoka katika hadisi hiyo hiyo, na mtihani mdogo wa mwisho wa juma uwe na ulizo moja zaidi, lisilo na jibu katika kamusi.